Mtambo wa kupimia mita ununuliwe pamoja na maelezo yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa nje laonekana kuwa la mafundi peke yao, ilhali matokeo yake humfikia kila mwenye mita ya umeme ukutani kwake. Kila yanapozuka malalamiko kwamba mita zinakimbia, mjadala huishia kwenye mita yenyewe: ilitoka kiwanda gani, ilifungwa lini, na nani kaigusa. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza juu ya mtambo uliotumika kuipima mita hiyo kabla haijafungwa, na ni nadra zaidi kumsikia akiuliza nani aliuelekeza mtambo ule mita ni kitu gani na ipimwe vipi. Hoja yangu ni kwamba taasisi zetu zinapotangaza zabuni ya mitambo inayopima vifaa vya elektroniki kwa njia ya kiotomatiki, zidai pamoja na mtambo maelezo rasmi ya mtambo huo na ya kifaa kitakachopimwa, yakiwa katika muundo wa wazi unaosomeka na kompyuta yoyote, na yakiwa mali ya mnunuzi.

Kwa wasiowahi kuliona, benchi la kupimia mita ni fremu ndefu ya chuma yenye nafasi za kupachika mita kumi, ishirini au zaidi kwa pamoja. Pembeni yake husimama kabati linalotengeneza msongo (volteji) na mkondo wa kupimia, na humo ndani huwamo mita rejea ambayo usahihi wake unazidi mara kadhaa ule wa mita zinazopimwa. Mbele ya kila mita huelekezwa kijicho kinachohesabu mimweko ya ile taa ndogo nyekundu ambayo wengi wetu huiona ikipepesa usiku ukutani. Kompyuta huliamuru kabati litoe, tuseme, volti 230 na ampea 5, kisha hulinganisha nishati iliyosomwa na mita rejea na idadi ya mimweko iliyohesabiwa, na tofauti huandikwa kwa asilimia. Kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 62053-21, mita ya daraja la 1 hairuhusiwi kukosea kwa zaidi ya asilimia 1, iwe kwa kuzidisha au kwa kupunguza, katika sehemu kubwa ya mikondo inayoipitia, na mkondo unapokuwa mdogo sana huachiwa hadi asilimia 1.5.

Hadi hapo kazi yaonekana nyepesi. Ugumu unaanza pale mtambo unapolazimika kuijua mita. Chukua mita ya ampea 5 yenye kikomo cha ampea 60, ambayo huwaka mara 1,600 kwa kila uniti moja ya umeme. Kwa volti 230 na ampea 5 itamweka takriban kila baada ya sekunde 2. Mkondo ukicheleweshwa nyuma ya msongo kwa nyuzi 60, kama zinavyofanya mota na friji kuukuu, muda huo huwa sekunde 4 hivi. Mkondo ukishushwa hadi robo ampea, utasubiri sekunde 39 kuuona mmweko mmoja. Katika kipimo cha kuanza, ambacho kinaitaka mita ya aina hii ianze kusajili kwa ampea 0.02 tu, mmweko mmoja huja baada ya zaidi ya dakika 8. Kuna pia kipimo cha kukaa bila mzigo, ambapo mita hupewa msongo uliopandishwa hadi asilimia 115 bila mkondo wowote, nayo haitakiwi kumweka zaidi ya mara moja katika muda unaopatikana kwa hesabu. Kwa mita hii muda huo ni dakika 27 na ushei.

Sasa ikaletwa shehena ya mita nyingine, za mimweko 1,000 kwa uniti, na kila kitu kingine kikiwa vilevile. Fundi anabadilisha namba hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa programu, na vipimo vya kawaida vinatoka sawasawa. Lakini aliyeiandika programu miaka kadhaa nyuma aliziandika zile dakika za kusubiri kwa mkono, kila moja mahali pake, katika kurasa ambazo hakuna anayezifungua. Kwa mita mpya kipimo cha kuanza kinahitaji dakika 13, ila programu inakata tamaa mapema na kuiandika mita nzima kuwa mbovu. Hilo angalau litazusha kelele, maana shehena yote itakataliwa na mtu atauliza. La hatari ni lile la pili: kipimo cha bila mzigo kilipaswa kuwa cha dakika 43, programu inakimaliza kwa dakika 27, na mita inayosajili umeme usiotumika inapita, inapigwa lakiri na kwenda kufungwa nyumbani kwa mtu. Hapo hakuna kelele yoyote.

Dawa ya kasoro hiyo haiko katika fundi makini zaidi. Iko katika namna ya kuandika. Idadi ya mimweko, mkondo wa msingi, mkondo wa juu na daraja la usahihi ni sifa za mita, kwa hiyo ziandikwe mara moja tu, katika maelezo ya mita, na muda wa kila kipimo ukokotolewe kutoka humo. Mitambo ya kupimia mita hutofautiana sana katika hili. Ipo inayokokotoa yenyewe bila kuulizwa, na ipo ambayo kila kitu kimegandishwa ndani ya programu isiyofunguka, na mnunuzi hana njia ya kutambua anayo ipi hadi pale mambo yanapoharibika.

Maelezo hayo hayakomei kwenye namba. Ndani ya mita nyingi za nyumbani kuna kiungo kinachounganisha njia ya mkondo na njia ya msongo. Kwenye benchi, mikondo ya mita zote hupita kwa mfululizo, moja baada ya nyingine, na msongo huletwa kwa kila moja sambamba. Viungo vile vikiachwa vimefungwa, njia mbili hizi huchanganyikana na vipimo huharibika, kama si kuunguza kitu. Zamani kiungo kilifunguliwa kwa bisibisi. Siku hizi mara nyingi kimefichwa ndani ya mita ambako hakifikiki bila kuvunja lakiri, na hivyo benchi lazima liwe na transfoma za kutenganisha kila nafasi na nyingine. Hili ni suala la mita, la benchi na la nyaya zilizopo kati yao kwa wakati mmoja, na mtambo ambao haujaelezwa kwamba mita ina kiungo hautajua kwamba unahitaji transfoma.

Mita za LUKU zinaongeza la kwao, kwa kuwa zina relei ya kukata umeme uniti zinapokwisha. Niliwahi kuitwa kwenye karakana moja ambako benchi lilikuwa likisimama kila mara na kuandika kwamba chanzo cha mkondo kina hitilafu. Wenyewe walikuwa wameshaagiza na kubadilisha bodi ya kikuza mkondo kwenye kabati, kwa gharama ambayo sikuuliza, na bado benchi lilisimama. Mita zilizokuwa zimepachikwa siku hiyo zilikuja bila uniti hata moja. Baadhi relei zao zilikuwa zimefunguka, na kwa kuwa mkondo ni wa mfululizo, mita moja iliyokata ilitosha kuwanyima mkondo wenzake wote waliokuwa kwenye fremu. Kabati lilikuwa zima tangu mwanzo. Programu ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya mita za kulipia baadaye, zisizo na relei, na kwake njia ya mkondo ya mita ilikuwa kipande cha shaba kisichoweza kukatika. Lau tabia ya relei ingekuwemo katika maelezo ya kifaa, programu ingeihoji kila mita kabla ya kulilaumu kabati.

Jambo hili si geni duniani, wala silitoi kichwani. Mashirika ya ndege ya Marekani yalikutana nalo mapema, kwa kuwa vifaa vya elektroniki vya ndege hupimwa mara kwa mara kwenye karakana tofauti zenye mitambo tofauti. Katika miaka ya 1960, kupitia taasisi yao ya ARINC, walianza kuunda lugha ya kuandikia vipimo iliyoitwa ATLAS, ambayo baadaye ilisimamiwa na chama cha wahandisi cha IEEE. Msingi wa lugha hiyo ni kwamba kipimo kielezwe kwa ishara ambayo kifaa kinaihitaji, yaani msongo kiasi gani, wa mzunguko upi, kwenye pini zipi, bila kutaja chombo kitakachoitoa ishara hiyo. Chombo kitatafutwa na mtambo wenyewe, kulingana na vilivyopo kwenye kabati lake.

Watengenezaji wa vyombo walipita njia yao. Hewlett-Packard ilibuni nyaya za kuunganisha vyombo vya kupimia na kompyuta mwishoni mwa miaka ya 1960, ubunifu uliogeuka kuwa kiwango cha IEEE 488 mwaka 1975, na mwaka 1990 zikaja amri za pamoja za SCPI ili voltimita ya kampuni moja na ya nyingine zielewe maagizo yanayofanana. Huo ulikuwa msaada mkubwa, lakini programu ziliendelea kuzungumza na vyombo, na chombo kilipoacha kutengenezwa programu ilikufa nacho. Jeshi la wanamaji la Marekani, lililokuwa na rundo la mitambo iliyotengenezwa kila mmoja kwa ajili ya kifaa kimoja, liliingiza mtambo wa pamoja uitwao CASS katika miaka ya 1990. Mwaka 2004 IEEE ilichapisha kiwango namba 1641 cha kueleza ishara na vipimo, kisha likafuata kundi la viwango vya 1671, maarufu kwa jina la ATML, linalogawa kazi nzima katika maandishi yanayojitegemea: maelezo ya kifaa kinachopimwa, maelezo ya kila chombo, maelezo ya mtambo mzima, maelezo ya adapta inayokaa kati ya kifaa na mtambo, na maelezo ya vipimo vyenyewe. Yote huandikwa kwa XML, muundo ambao kijana yeyote wa chuo cha ufundi aliyesoma kompyuta anaweza kuufungua na kuusoma.

Faida yake hupatikana kabla swichi haijawashwa. Kompyuta hulinganisha maandishi hayo na kujibu: mtambo huu unaweza kutoa ampea 60 kwenye nafasi zote 20? Mita rejea iliyopo inatosha kwa daraja la mita hii? Adapta inafikisha msongo kwenye pini sahihi? Jibu likiwa hapana, unalijua ukiwa bado kwenye nyaraka za zabuni, wakati mzabuni anaweza kuambiwa arekebishe kwa gharama yake. Mambo haya hapa kwetu tumezoea kuyagundua mtambo ukiwa umeshashushwa kwenye kreti na malipo yamekamilika.

Wapo watakaosema kwamba viwango vya ndege za kivita ni vizito mno kwa karakana ya mita, na kwa kiasi nakubaliana nao. Sidai kila kipengele cha ATML kifuatwe. Karatasi zake ni nyingi na baadhi ziliandikwa kwa ajili ya watu wenye bajeti za kijeshi. Ila sababu iliyowasukuma ni yetu pia. Ndege huruka miaka 30, na kompyuta ya mtambo unaoipima huzeeka ndani ya 10. Mita nayo hukaa ukutani miaka mingi, na anayetaka kuirudia kuipima kwa sababu ya malalamiko atahitaji kipimo kilekile kwa mtambo ambao huenda umeshabadilishwa mara mbili. Asipokuwa na maelezo ya kipimo cha kwanza, matokeo mawili hayalinganishiki, na mteja aliyelalamika hana pa kushika.

Tunao ushahidi wa karibu wa manufaa ya maelezo yaliyo wazi, nao ni lile zoezi la mwaka 2024 ambapo wateja wa LUKU, na majirani zetu wa Kenya vilevile, walitakiwa kuingiza tokeni za ziada ili mita ziendelee kupokea umeme. Watu wengi waliona ni usumbufu tu wa shirika. Kisa chake ni kwamba kila tokeni ya mfumo wa STS, yaani utaratibu wa kimataifa wa tokeni za mita za kulipia kabla, hubeba namba inayotokana na dakika zilizopita tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi ya kuiandika ni biti 24, yaani tarakimu 24 za 0 au 1, zinazotosha dakika 16,777,216, ambazo zilikuwa zinafika ukingoni tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu ingeanza upya, na mita ingezikataa tokeni mpya kwa kuziona za kale. Tokeni mbili za tarakimu 20 kila moja zilibadilisha ufunguo wa mita na kufuta kumbukumbu yake ya tokeni zilizopita, na tarehe ya kuanzia hesabu ikahamishiwa mwaka 2014.

Kinachonivutia katika kisa hicho ni kwamba mita za viwanda vingi tofauti, katika nchi nyingi, ziliweza kurekebishwa kwa utaratibu mmoja. Iliwezekana kwa sababu tabia ya mita mbele ya tokeni imeandikwa katika kiwango cha IEC 62055-41 na haikufichwa kabatini kwa mtengenezaji mmoja. Mtu mwenye kiwango hicho angeweza, miaka mingi kabla, kutengeneza mfano wa mita ndani ya kompyuta, akausogezea saa hadi Novemba 2024 na kuona kitakachotokea bila kugusa mita hata moja. Upande wa tokeni, basi, tuna maelezo kamili ya kifaa. Upande wa kupima usahihi wa mita hiyohiyo, tunategemea programu ambayo hatujui ndani yake mna nini.

Kuna eneo jingine ambalo maelezo ya mtambo hayakwepeki, nalo ni makosa ya mtambo wenyewe. Mita rejea ina kosa lake, joto la chumba linaongeza, na viungo vilivyolegea vinaongeza. Tuseme jumla ya shaka hiyo ni asilimia 0.1, na mita iliyo mbele yetu imesomeka asilimia 0.95 dhidi ya kikomo cha 1. Haki ni kusema kwamba haijulikani kama imefaulu, na mtambo ulioelezwa vizuri utafanya hivyo, au utajiwekea kikomo cha ndani cha 0.9 ili mteja asibebeshwe shaka ya benchi. Mitambo mingi niliyoikuta huhifadhi neno "imefaulu" au "imeshindwa" na kuitupa namba. Ukirudi baada ya miaka 5 kutafuta kama mita za shehena fulani zilikuwa zimelalia upande mmoja, hukuti kitu.

Sitaki pia nionekane ninaabudu maandishi. Maelezo ya kifaa yanaweza kuwa mazuri na ya uongo, hasa yakinakiliwa kutoka katika vipeperushi vya muuzaji. Kwa sababu hiyo kila karakana iwe na seti yake ya mita zilizoharibiwa kwa makusudi na kurekodiwa: moja inayozidisha kwa asilimia 2, moja inayomweka bila mzigo, moja ambayo relei yake imeganda. Benchi likishindwa kuzikamata, ama maelezo yana dosari ama mtambo una dosari, na kazi isimame mpaka ijulikane ni lipi. Gharama ya seti hiyo ni ndogo, kwa kuwa mita mbovu hatujawahi kuzikosa.

Wazabuni watapinga kwa kusema hizo ni siri za biashara. Tusikubali. Hatuwaombi programu inayoendesha mita wala michoro ya bodi. Tunaomba tabia ya kifaa kama inavyoonekana kwenye vituo vya nyaya zake, na uwezo wa mtambo kama unavyoonekana kwenye viunganishi vyake. Anayekataa kuandika hayo anatuambia kwamba hata matengenezo ya kesho tutayafuata kwake kwa bei atakayotaka.

Njia ya kulitekeleza ipo. Zabuni za umma sasa hupita katika NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa njia ya mtandao, chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, na taasisi nunuzi ndiyo inayoandika mahitaji ya kiufundi. Shirika la Viwango Tanzania na Wakala wa Vipimo wakikaa pamoja na wahandisi wa umeme wanaweza kuandaa kiolezo kifupi cha maelezo ya mita, cha maelezo ya benchi na cha adapta, kikachukua kutoka ATML yale yanayotufaa tu, na kila taasisi ikakiambatisha kwenye nyaraka zake. Vyuo vyetu vya ufundi vipewe kazi ya kuandika maelezo ya aina za mita zilizokwisha kufungwa, wakianza na ile iliyo nyingi zaidi, maana wanafunzi wanatafuta miradi na mita zimejaa stoo. Katika mkataba kiwekwe kifungu kwamba sehemu ya mwisho ya malipo haitolewi mpaka mafundi wa mnunuzi, wakiwa na maandishi hayo na kompyuta ambayo muuzaji hajawahi kuigusa, wameendesha kipimo kizima cha mita moja wao wenyewe na namba zikalingana na za muuzaji.

Wako,
Fundi wa vifaa vya kupimia umeme,
Morogoro.